Kata kwenye Msumari

Desemba 14, Jumamosi

Kama macho yako yamefika hapa, basi hatimaye umekuja. Kaa. Usiweke mkoba magotini kama mtu anayesubiri basi. Tangu mvua ya kwanza inyeshe hujakanyaga mlango huu, Severina, na toka redioni unakofanya kazi mpaka hapa Bombambili bodaboda hata injini haijapata moto. Nina hasira na wewe, mke mwenza. Nakuita hivyo kwa sababu babu yako, Mungu amrehemu, siku ulipozaliwa alisema amepata mke mdogo, akanunua kitenge kizuri akakufunika wewe, mimi nikabaki natazama. Wivu ule bado ninao.

Ulisema, "Bibi, siku nisipokuja, niandikie ya siku hiyo." Ulidhani nitashindwa. Shule sikukanyaga hata kwa kupita, lakini herufi nilizipata ngumbaru, mama yako akiwa mgongoni, na mpaka leo kitabu cha nyimbo kanisani nasoma mwenyewe. Basi nakuandikia. Ila utasoma hapa hapa mbele yangu, huku ukimenya viazi.

Ya leo ni haya. Mdogo wangu Gaspari ametuma ulanzi wa kwanza kutoka Madaba, madumu mawili kwenye basi la Njombe. Mianzi yake anayoigema pombe hiyo mwaka huu imechipua mapema. Nimetundika kata yangu ya kuchotea kwenye msumari wa mlango, watu wameona, wamekuja. Kazi ya kata unaijua. Ulipokuwa mdogo, mgambo wakionekana pale kona, ulikuwa unaruka kama paka unaitoa msumarini, na wateja waliokuwa njiani wote walipita moja kwa moja kana kwamba hapa tunauza mkaa. Hiyo hukufundishwa chuo.

Desemba 17

Mvua. Vikombe vichache. Nimelala mapema.

Desemba 22, Jumapili

Baada ya misa Urbani alinibebea mfuko wangu wa mbolea mpaka ndani, akauegemeza ukutani, akanipangusia na vumbi. Wakala mzima wa pembejeo, mwenye duka na gari, mwenyekiti wa jumuiya yetu, anabeba mfuko wa kikongwe. Alikunywa vikombe viwili akasifu. "Mama, ulanzi wa kaka yako haujawahi kuniumiza kichwa." Nikamwambia ni mdogo wangu, siyo kaka. Mtoto mwema sana. Kama ungekuwa na akili ungeangalia vijana wa namna hii, usingeshinda na simu.

Muhsini, yule fundi simu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, ndiye anayenisomea vineno vyako unavyorusha mtandaoni. Simu uliyoniachia kioo kimepasuka na herufi zake ni kama mayai ya chawa. Ananisomea, lakini mdomo wake mrefu, kila neno anatia na lake.

Januari 3

Valeriani alikuja kabla sijafagia. Yule wa shamba la bondeni, anayecheka kabla hajaanza kusimulia. Leo hakucheka. Aliweka mezani jani la hindi, manjano tupu.

"Bibi Kunegunda, nimekuzia wiki ya pili hii. Mvua ipo. Mbolea ya kukuzia nimeweka. Hindi linanitazama tu."

"Umeweka mbali na shina."

"Nimelima tangu baba yangu yuko hai, leo nisijue shina liko wapi?"

"Mbolea ya nani?"

"Ya Urbani. Sote tumenunua kwa Urbani."

Nikamkaripia. Mzee mzima, namwambia, unamsingizia mtu wa watu. Akaondoka, jani akaliacha pale pale.

Mchana Muhsini akavuka barabara na simu. "Bibi, mjukuu wako leo anauliza." Akanisomea: wakulima wa Ruvuma, nani mahindi yake yamegoma baada ya kukuzia? Nitumie picha ya shamba na ya mfuko, useme ulinunua wapi. Jina lako sitalitaja.

"Huyu ndiye mwandishi?" nikasema. "Anauliza watu badala ya kuwaambia?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Bibi. Zamani mwandishi alikwenda kijiji kimoja, akarudi na matope. Huyu amekwenda vijiji vyote na viatu vyake bado visafi."

Jioni watu walikuwa wamekujibu toka Namtumbo, toka Madaba, toka vijiji nisivyovijua. Ulipopiga simu nikakusifu, wewe ukanikata. "Bibi, picha nyingi si za hapa. Mmoja kanitumia shamba la nchi ya watu. Kila mtu namwambia apige picha nyingine, aweke jani bichi juu ya mfuko, na mkono wake uonekane. Asiyetuma ya pili, namwacha."

Nikakuambia hiyo ni sheria ya kilabuni kwangu. Mtu akija na habari, kabla hajapewa kikombe anaulizwa: umeona au umesikia?

Ukacheka. "Sasa unadhani mimi nimeitoa wapi?"

Nililala nimefurahi. Jani la Valeriani lilikuwa bado mezani.

Januari 9

Umekuja! Umekaa kiasi cha chungu kuchemka, hata likolo, mboga ya majani ya maboga niliyokupikia, hukumaliza.

Lakini niliona. Ulichota mbolea kwenye mfuko wangu mwenyewe, ule alionibebea Urbani, ukamimina kwenye ndoo yangu ya bluu yenye kiraka chekundu, ukatia maji, ukakoroga na mwiko. Kilichokuwa mbolea kikayeyuka. Kilichobaki chini kilikuwa kingi kuliko kilichoyeyuka. Ukakisaga kwa vidole, ukanipa na mimi nikakisaga.

"Huu mchanga wa mtoni," nikasema.

"Mweupe, umechekechwa vizuri. Mtu amekaa akaufanyia kazi."

Ukapiga picha. Ukaniambia picha peke yake haitoshi, mfuko mwingine umeupeleka kwa wapimaji, na mpaka majibu yatoke jina la duka hutalitaja. Nikaona umekuwa mtu mzima. Nikakuambia nirudishie ndoo yangu niioshe.

Januari 11

Picha yako imezunguka. Muhsini anasema mpaka wakubwa wameulizwa wasemeje.

Jioni akaja Urbani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaagiza kikombe. Akakaa nacho mkononi, anatazama pale ninapochotea.

"Ndoo hii ya siku nyingi, ee mama?"

"Ni rika la Severina."

"Ina kiraka kizuri. Mtu akiiona popote ataijua."

Akaaga, akaondoka. Kikombe kilikuwa kimejaa vile vile. Kwenye kilabu changu mtu akiacha ulanzi, ama ni mgonjwa ama hakuja kwa ajili ya ulanzi.

Nikamwita Muhsini anionyeshe tena ile picha. Kiraka changu chekundu kimekaa katikati kama jua. Umeficha majina ya wakulima wote, mke mwenza, ukasahau kuificha ndoo ya bibi yako.

Januari 15

Wanaume wawili, pikipiki haina namba. Waliagiza ulanzi, hawakunywa. Inzi wakaingia kwenye vikombe. Mmoja akauliza kama nina wajukuu. Nikamwambia ninao wengi, wote wezi.

Januari 16

Wamekuja tena. Hawakunywa.

Januari 17

Wamekuja.

Nimekaa nawaza nani anawapa habari. Nani anajua kila neno lako kabla yangu? Nani anashika simu yangu kila siku? Nimevuka barabara nikaichukua simu yangu kibandani kwa Muhsini, nikamwambia kuanzia leo nitajisomea. Akaniuliza kosa lake. Nikamwambia nyoka huwa haulizi. Mkewe Saada alikuwa pale, akainama.

Januari 20

Umenipigia alfajiri. Mhariri wenu amekuambia ukae mbali kidogo mpaka majibu ya wapimaji yatoke. Unaenda Madaba kwa babu yako Gaspari. Laini yako unaizima, utatumia nyingine ambayo hutaki hata mimi niijue. Kwa Gaspari mtandao hakuna mpaka upande kilimani, na yeye mwenyewe simu hajawahi kuitaka. Utapanda jioni, utarusha vineno vyako, utashuka.

"Bibi, usimwambie mtu."

"Mimi nimewahi kumwambia mtu nini?"

Ukaniaga. Ungesema tu, ningesikia.

Januari 22

Nimejisomea mwenyewe kwa miwani mbili. Kuna mtu mtandaoni amevaa picha yako na jina lako, anaandika kwamba ulihongwa na mfanyabiashara mwingine ili uwachafue wauza mbolea wenzake, na kwamba unaomba radhi. Sura ni yako, maneno siyo yako. Hata kuomba radhi hujui, nimekulea mimi.

Wengi wamemwamini. Mwanamke mmoja wa jumuiya aliniambia, "Pole, Mama Kunegunda. Watoto wa siku hizi, tamaa." Nilimwacha na mkono wake hewani.

Mvua haikati.

Januari 25, Jumamosi

Jumuiya leo walikusanyika nyumba ya mbali, upande wa pili wa mto, na goti langu limevimba kwa baridi. Nikatuma nia yangu ya maombi kwa sauti kwenye kundi letu la simu, kama wagonjwa wanavyofanya. Nilibonyeza mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Nilisema vizuri. Watu wamejibu Amina, Amina, mpaka simu ikapata moto.

Nimejisikia mwepesi.

Januari 27

Sijui niandike vipi, lakini nitaandika vyote, nawe utanihukumu.

Urbani alikuja mchana, mvua ikinyesha, amevaa koti zuri. Shikamoo, marahaba. Akaagiza kikombe, akakiweka mezani.

"Mama, goti?"

"Linapona."

"Tulikuombea. Na Severina pia tulimwombea." Akakisogeza kikombe kwa kidole kimoja. "Mzee Gaspari hajambo? Nasikia Madaba mwaka huu ulanzi ni mwingi. Nataka niende mwenyewe nikanywe kwenye mwanzi wake."

Hapo nikaikumbuka sala yangu ya Jumamosi.

Mama yangu alinifundisha kwamba Mungu ana watu wengi, na sala isiyo na jina wala mahali hupotea njiani. Ndivyo wanavyosali wote hapa kwetu: tunamwombea fulani bin fulani, yuko hospitali fulani, wodi fulani, kitanda cha dirishani. Basi na mimi Jumamosi nilisema: "Namwombea mjukuu wangu Severina, mwandishi wa habari, anayetafutwa na watu wabaya, yuko Madaba kwa mdogo wangu Gaspari, nyumba ya juu ya mianzi, Bwana amfiche." Mwenyekiti wa jumuiya ni Urbani. Amina ya kwanza ilikuwa yake.

Na sikuwa na mtu wa kunizuia, maana anayenibonyezea simu nilikuwa nimemwita nyoka.

Urbani akanitazama mpaka akaona nimeelewa. Alitaka nielewe. Akasema, "Kaa na joto, mama," akatoka. Kikombe kimejaa.

Nikavuka barabara na goti langu. Muhsini alikuwa ameinamia simu ya mtu, hakuinua kichwa.

"Muhsini, nilikuita nyoka."

"Nilisikia, Bibi. Na ulipofika nyumbani ulinitukana tena. Hiki kibanda ni cha bati."

"Nimemuuza mjukuu wangu."

Hapo akaacha alichokuwa akifanya. Nikamsimulia. Hakunicheka, wala hakuniambia ningemuuliza. Saada aliniletea kigoda, akanifunika khanga yake, na maji yakaanza kunitoka machoni. Wale niliowatazama kwa jicho baya ndio walionishika, na yule niliyemsifu kwako akamaliza kuninywesha sumu bila kugusa kikombe.

"Basi la leo limeshaondoka," Muhsini akasema. "Laini yake ya zamani imezimwa. Ujumbe wa siri kule mtandaoni ameufunga, kwa matusi aliyokuwa anatumiwa. Kimebaki kitu kimoja. Akipanda kilimani, atafungua aone watu wamemjibu nini. Mwandishi hawezi kuacha kusoma majibu."

"Basi mwandikie akimbie!"

"Hayo majibu yako barabarani, Bibi. Wanayasoma na wao. Wakiona tumemwonya, watakwenda sasa hivi badala ya kesho. Tunataka neno ambalo wote wataliona na yeye peke yake alielewe."

Mvua inapiga bati. Mimi nikageuka nikatazama ng'ambo, mlangoni kwangu, na kata ilikuwa inaning'inia inatoa matone.

"Andika," nikasema. "Andika hivi: Mke mwenza, kata nimeitoa msumarini."

"Urbani ni mteja wako. Hataelewa?"

"Urbani amehamia hapa juzi juzi. Enzi za mgambo hakuwepo. Ataona kikongwe ameishiwa pombe."

Muhsini akaandika, kwa jina lake la ufundi, chini ya neno lako la mwisho kuhusu mbolea. Papo hapo watu wakaanza kucheka. Mmoja akaandika, fundi umelewa. Mwingine, sasa ulanzi unahusu nini na pembejeo? Muhsini akawajibu kwa vichekesho vyake, akawaacha wacheke.

Nikarudi nyumbani nikaitoa kata msumarini. Nisije nikawa nimekutumia uongo.

Januari 28

Hakuna.

Januari 29

Hakuna. Wateja wanapita. Mmoja alisimama akatazama msumari mtupu, akavua kofia kama amepita msibani. Nikamfukuza.

Januari 30

Muhsini alikuja anakimbia, simu kaikumbatia kifuani isilowe. Chini ya maneno yangu kuna kijialama cha moyo, na kinatoka kwako. Neno hakuna, ni hicho tu. Saada alipiga vigelegele, nikamziba mdomo kwa mkono.

Lakini moyo huo uliuweka lini? Kabla hawajafika, au baada? Na ni kidole cha nani kilichobonyeza? Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza hivyo. Sasa siwezi kufurahi hata kidogo.

Februari 2

Gaspari ameshuka kwenye basi bila madumu. Paji la uso limefungwa kitambaa.

Nimemkalisha, nimempa uji, nimesubiri. Unamjua Gaspari, ukimharakisha anameza maneno.

"Mtoto alipanda kilimani jioni, kama kawaida," akasema. "Hakurudi. Hata ndala zake za kuogea ziko mlangoni kwangu. Nikasema ameliwa na mnyama. Asubuhi wakaja watu na gari."

"Wangapi?"

"Dada, mimi nilikuwa nahesabu ngumi? Walimtafuta ndani, dari wakatoboa. Mmoja akaniuliza yuko wapi, nikamwambia ukweli, sijui. Ukweli wangu haukumpendeza." Akagusa kitambaa. "Halafu wakashika mapanga wakaingia kwenye mianzi."

"Wakakata?"

"Yote. Mpaka machipukizi. Mianzi aliyoipanda baba. Ilikuwa inatoa maji, dada. Ulanzi ulikuwa unamwagika chini tu, nyuki wamejaa."

Mtu huyu hakulia alipomzika mkewe. Leo amelia kwa sababu ya mianzi, na mimi nikalia kwa sababu ya ndala zako.

Sasa hatuna tena ulanzi msimu huu. Lakini hawakukukuta. Ulipanda kilima, ukaona kata imetoka, ukaruka kama zamani. Najisemea hivyo. Nimeona? Hapana. Nimesikia.

Februari 8, Jumamosi

Nimeamka nikakuta wanawake wamejaa uani, khanga zimefungwa viunoni, wanalia. Wanakulilia wewe.

Mtandaoni wameandika: mwandishi Severina afariki kwa ajali ya basi barabara ya Njombe. Na picha. Basi limelala ubavu, vitu vimetapakaa. Urbani alikuwa amefika kabla sijaamka, amesimamisha na turubai, anapanga viti.

Niliposikia, sikufichi, nilikaa chini kwenye tope. Wakataka kunishika, nikawaambia niacheni, nileteeni hiyo picha.

Nilitazama kwa miwani mbili. Niliogopa kutazama watu waliolala, nikatazama pembeni, kwenye shamba lililo nyuma ya basi. Nikamwita Valeriani. "Njoo. Mahindi haya yakoje?"

Valeriani akainama. Akaipokea simu, akaitazama sana. "Yamekauka," akasema. "Hata maganda yamekunjama. Haya ni ya kuvuna."

"Sasa hivi ni mwezi gani?"

"Februari."

"Na vumbi hilo? Songea hii, Njombe hii, nani kati yenu ameona vumbi tangu Krismasi?"

Vilio vikapungua, kama mvua inapohamia mlima mwingine. Nikasimama. Nikawauliza mmoja mmoja, nikiwaelekeza kidole: wewe umeona au umesikia? Na wewe? Nani amegusa mwili? Nani amekwenda hospitali? Kila mmoja alikuwa amesikia. Mwisho nikafika kwa Urbani, kiti mkononi.

"Na wewe, mwenyekiti?"

"Mama, nimeona mtandaoni kama wengine."

"Basi bado hujaona. Ondoa turubai lako uani kwangu. Msiba ukifika nitakuja mwenyewe kuliazima."

Akakunja turubai taratibu, akatabasamu. "Haya, mama. Nitaliweka karibu."

Wameondoka wote. Muhsini amethibitisha, picha ile ni ya ajali ya zamani, imewahi kurushwa. Lakini picha kuwa ya uongo haina maana kwamba wewe uko hai.

Februari 9

Hakuna.

Februari 10

Hakuna. Mvua ya mawe, mabati yamelia mchana kutwa.

Februari 11

Sijala. Gaspari amenilazimisha viazi.

Februari 12

Muhsini hakupiga hodi, aliingia tu.

Umerusha. Maneno mafupi mafupi, moja chini ya jingine, yamefuatana kama shanga kwenye uzi. Muhsini alinisomea mara tatu, nikamwambia aanze tena. Majibu ya wapimaji, na muhuri wake. Mifuko ya vijiji vyote, kila mmoja na picha zake mbili. Ramani ya maduka yaliyouziwa. Na mara hii jina la duka umelitaja, na umeandika kwamba ulimpigia mwenye duka mara kadhaa aseme upande wake, akakata simu. Hukumtukana. Mimi ningemtukana.

Picha ya mwisho ni mfuko, jani bichi la hindi juu yake, na mkono. Uso haupo. Muhsini akasema, "Bibi, hii inaweza kuwa ya mtu yeyote."

Nikamwambia nyamaza. Juu ya kidole gumba kuna kovu, refu, limejikunja kama mkia wa panya. Hilo ulilipata kwa mafuta ya maandazi jikoni kwangu, ulikuwa unaiba.

Nimeona. Siyo kusikia. Nimeona.

Februari 20

Duka limefungwa kwa makufuli ya serikali. Urbani alichukuliwa asubuhi, watu wakamzomea. Yule mwanamke wa jumuiya amekuja kuniomba radhi, nimempokea na kikombe cha chai, ila sukari nimemnyima. Valeriani anacheka tena kidogo, ingawa shamba lake halitatoa kitu mwaka huu.

Nikasema sasa utakuja.

Februari 23

Urbani yuko nje kwa dhamana. Kanisani alikaa benchi la mbele.

Februari 25

Amekuja. Nikamwambia ulanzi hakuna, mianzi imekatwa, labda unajua. Akasema amekuja kupumzika tu. Akakaa kwenye benchi la nje mpaka jua likaanguka.

"Severina anakuja lini, mama? Nimemkumbuka."

Februari 26

Amekuja. Ameuliza lile lile, kwa upole ule ule.

Februari 28

Amekuja. Pikipiki isiyo na namba imesimama pale kona.

Machi 2, Jumapili

Ukurasa huu Muhsini ataupiga picha akutumie kwa njia ya siri mliyotengeneza wewe na yeye tangu uliporusha yale majibu. Picha nimeikagua mimi. Ndoo haimo, mlango haumo, kuna kidole changu tu, na kidole changu hakuna anayekijua ila wewe.

Nilikugombeza kwa kutokuja. Naondoa maneno hayo. Kaa huko ulipo, andika, watu wanakusoma. Leo kanisani mkulima wa Namtumbo nisiyemjua alinishika mikono yote miwili.

Lakini najua siku moja utashindwa, utakuja. Njaa ya likolo itakuleta. Basi sikiliza, na hii usiirushe popote.

Panda bodaboda ya mtu usiyemjua, shukia mbali, vaa khanga kichwani kama wanaokuja kunywa. Simu izime kabla ya mto. Ulanzi sina msimu huu wala msimu ujao, lakini siku ambayo benchi langu ni tupu na kona ni tupu, nitatundika kata. Watu wataingia kuniuliza pombe, nitawaambia imekwisha sasa hivi, watasema bibi amezeeka vibaya. Waseme.

Ukiiona kata kwenye msumari, ingia, chakula kiko mafigani.

Ukikuta msumari mtupu, usisimame. Usiniite. Hata ukiniona nimekaa pale nje nakutazama, na hata nikikulilia, pita moja kwa moja kana kwamba hapa tunauza mkaa.